Muuzaji Anaposema "Sikujua": Wajibu wa Kisheria na wa Kimaadili katika Biashara ya Rejareja

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya hubandikwa ukutani, hupigwa muhuri kwenye risiti, na siku hizi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya kurasa za maduka ya mtandaoni. Wateja wengi huyaamini. Wauzaji wengi pia huyaamini, na hapo ndipo wanapojiingiza matatani, kwa sababu katika nchi nyingi maneno hayo hayana nguvu ambayo aliyeyabandika anadhani yanayo.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku kwenye kaunta. Mteja aliyenunua shati, akafika kwake akaona rangi haimpendezi, amebadili mawazo. Kama alilinunua dukani na kulishika kwa mikono yake, sheria nyingi hazimpi haki ya kurudishiwa pesa. Duka likimrudishia, ni hisani au ni utaratibu wake. Lakini mteja aliyenunua pasi, akaichomeka kwenye umeme ikafuka moshi, hajabadili mawazo yoyote. Ameuziwa kitu kisichofanya kazi ya pasi. Huyu wa pili anadai alichokilipia, na tangazo la ukutani halimzuii.

Mzizi wa tofauti hiyo, kwa nchi zilizofuata mfumo wa Uingereza, ni sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893. Kabla yake kanuni iliyotawala sokoni ilikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria ile ilikusanya hukumu zilizotangulia na kuweka masharti ambayo yamo ndani ya kila mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka: kwamba muuzaji ana haki ya kuiuza mali ile, yaani si ya wizi, kwamba mali inalingana na maelezo yake, kwamba ina ubora wa kuuzika, na kwamba inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji anaitakia. Mwanzoni muuzaji aliweza kuyaondoa masharti hayo kwa kuandika hivyo kwenye mkataba. Uingereza ilikuja kuufunga mlango huo kwa mauzo ya mlaji wa kawaida mwaka 1973. Umoja wa Ulaya nao unampa mnunuzi dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2, ambayo duka haliwezi kuifuta. Kuna nchi ambazo bado zinatumia sheria ya zamani bila marekebisho hayo, kwa hiyo muuzaji na mteja wote wawili wana sababu ya kusoma sheria ya kwao badala ya kuamini karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hata hivyo muuzaji si mtu wa kulaumiwa kwa kila jambo. Kasoro uliyomwonyesha mnunuzi kabla hajalipa, naye akainunua mali akiijua, kwa kawaida haiwezi kugeuka kuwa dai lake baadaye. Ndiyo maana anayeuza vitu vilivyotumika hujilinda vizuri zaidi kwa kusema wazi "kioo kina ufa hapa, betri haikai na chaji" kuliko kwa tangazo la kutorudisha.

Sasa tufike kwenye swali gumu. Itakuwaje kama muuzaji hakujua?

Mwaka 1931 daktari mmoja wa Adelaide, Australia, alinunua nguo za ndani za sufu. Hakuzivaa muda mrefu kabla ngozi haijaanza kumwasha. Ugonjwa ukaenea mwili mzima, akalazwa hospitali. Ilibainika kwamba kemikali ya salfa iliyotumika kiwandani ilikuwa imebaki kwenye kitambaa. Mwenye duka hakuwa na namna ya kuiona. Alipokea mzigo, akaupanga kwenye rafu, akauuza. Kesi ilipanda hadi Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi za himaya ya Uingereza, na mwaka 1935 likaamua kwamba wote wawili wanawajibika, kiwanda na duka.

Ukiielewa hukumu hiyo umeelewa nusu ya sheria ya rejareja. Kiwanda kiliwajibika kwa uzembe: kilitakiwa kuchukua tahadhari, hakikuchukua. Duka liliwajibika kwa njia nyingine kabisa, njia ya mkataba, na kwenye mkataba hakimu haulizi kama muuzaji alikuwa mzembe. Anauliza kama bidhaa ilikuwa vile ilivyopaswa kuwa. Ikiwa haikuwa, "sikujua" si utetezi.

Njia ya mkataba ina mpaka wake, nao ni kwamba inamhusu aliyenunua. Ndiyo sababu mwanamke aliyekunywa kinywaji cha tangawizi mjini Paisley, Scotland, mwaka 1928, kwenye chupa iliyosemekana kuwa na konokono aliyeoza, hakuweza kumdai mwenye mkahawa. Aliyelipa alikuwa rafiki yake. Akamfuata mtengenezaji, na mwaka 1932 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likatamka kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtu atakayetumia bidhaa yake, hata kama hawajawahi kuandikiana lolote. Kwa maduka funzo la pili lilikuja nyuma ya lile la kwanza: muuzaji naye anaweza kudaiwa kwa uzembe na mtu asiye mteja wake, kama vile mtoto aliyeumizwa na kifaa alichonunua mzazi, ikiwa duka lilikihifadhi vibaya, lilikifungua na kukifunga ovyo, au liliendelea kukiuza baada ya kusikia kina hatari.

Njia ya tatu ni ya jinai. Hapa anayekuja si mteja bali ni serikali, kupitia mkaguzi wa vipimo, mamlaka ya dawa na chakula, shirika la viwango au tume ya ushindani. Kuuza bidhaa bandia, kumuuzia mtoto sigara, au kutumia mizani isiyohakikiwa kunaweza kuleta faini au kifungo hata kama hakuna mteja aliyelalamika. Kwa hiyo tukio moja, tuseme chaja ya simu iliyolipuka, linaweza kuzaa madai ya mkataba ya aliyeinunua, madai ya uzembe ya jirani aliyeungua, na mashtaka ya serikali kwa kuuza kifaa kisicho na alama ya ubora. Watu wengi hubishana kuhusu chaja hiyo bila kuelewana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kesi yake.

Je, ni haki kumbebesha mwenye duka mzigo wa kasoro asiyoweza kuiona? Mimi naona ni haki. Mnunuzi hamfahamu mwagizaji wala kiwanda. Anamfahamu aliyempokea pesa. Muuzaji ndiye aliyechagua kuiweka bidhaa hiyo dukani, ndiye aliyepata faida, na ndiye mwenye uwezo wa kumgeukia aliyemuuzia, naye huyo amgeukie aliye juu yake, mpaka mzigo umfikie aliyesababisha kasoro. Mnyororo huo unafanya kazi kwa sharti moja tu: nyaraka. Anayechukua mali ya bei ya kutupa kwa mtu asiyemjua, bila risiti wala namba ya toleo, amejikatia mwenyewe njia ya kurudi, na siku ya madai atabaki peke yake. Kati ya ushauri wote ambao mtu anaweza kumpa mwenye duka dogo, huu wa kutunza risiti za ununuzi ndio wenye faida kubwa na gharama ndogo kuliko yote.

Bei nayo ina fundo lake. Wateja wengi wanaamini kwamba bei iliyobandikwa kwenye rafu inamfunga muuzaji. Katika sheria ya mkataba ya Uingereza na nchi zilizoifuata, si hivyo. Kwenye kesi ya mwaka 1953 iliyohusu duka la dawa la Boots, mahakama ilisema bidhaa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapoifikisha kaunta, na muuzaji ana hiari ya kukubali au kukataa. Tangazo hata hivyo linaweza kufunga likiwa la wazi na la dhati. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball iliahidi kumlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa kisha akapatwa na mafua makali, na ikatangaza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha nia yake. Aliyeugua alipodai, kampuni ikasema lilikuwa tangazo tu la kuvutia wateja. Hoja hiyo ilikataliwa kortini, na hukumu yake ya miaka ya 1890 bado inafundishwa vyuoni.

Lakini mwenye duka asifarijike sana na kesi ya Boots. Sheria ya mkataba ikimwachia, sheria ya kumlinda mlaji inamshika upande mwingine: kuonyesha bei moja kwenye rafu na kutoza nyingine kwenye kaunta ni udanganyifu wa bei katika nchi nyingi, na hauhitaji mkataba wowote kuwa kosa. Ujanja unaonikera zaidi ni wa punguzo la uongo, ambapo bei inapandishwa wiki mbili kabla ya msimu ili "ishushwe" kurudi pale pale ilipokuwa, na mteja alipe bei ya kila siku akidhani amebahatika. Umoja wa Ulaya umeamua kuukata mzizi wake: tangu Mei 2022 duka linalotangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa iliyotozwa katika siku 30 zilizotangulia. Ufaransa nayo, tangu Julai 2024, inayataka maduka makubwa ya bidhaa za kila siku kuweka tangazo karibu na bidhaa ambayo ujazo wake umepunguzwa huku bei ya kila gramu au lita ikiwa imepanda. Pakiti imechongwa na kiwanda, duka halikuipunguza, ila duka ndilo linalosimama mbele ya mnunuzi.

Hadi hapa tumezungumzia bidhaa. Wajibu mkubwa kuliko wote wa muuzaji, kwa maoni yangu, uko kwenye jengo analokaribisha watu waingie, nao ndio unaosahaulika haraka kuliko yote mauzo yakiwa mazuri.

Tarehe 29 Juni 1995, katika duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, nyufa za dari ya ghorofa ya juu zilikuwa zinaongezeka tangu asubuhi. Jengo hilo lilikuwa limeongezewa ghorofa ambayo haikuwemo kwenye mchoro wa awali, na nguzo zake zilikuwa zimepunguzwa ili ngazi za umeme zipate nafasi. Wakuu wa duka walijua. Walifunga ghorofa ya juu na kuzima mitambo ya kupoza hewa, lakini hawakuwatoa watu, kwa kuwa wateja walikuwa wengi siku hiyo na pesa ilikuwa inaingia. Jioni jengo likaanguka. Watu 502 walikufa. Mwenyekiti wa kampuni alifungwa, na maofisa wa serikali waliohongwa ili waidhinishe mabadiliko ya jengo walifungwa pia.

Tarehe 1 Agosti 2004 moto ulizuka katika supamaketi ya Ycuá Bolaños mjini Asunción, Paraguay, siku ya Jumapili ambapo familia nyingi zilikuwa ndani. Manusura na wazimamoto walieleza kwamba milango ilifungwa ili watu wasitoke na bidhaa bila kulipa. Zaidi ya watu 300 waliangamia. Mwenye duka na mwanawe walihukumiwa vifungo.

Katika misiba hii miwili hapakuwa na "sikujua". Walijua, wakapima hesabu, na upande mmoja wa hesabu ulikuwa mauzo ya siku moja. Sheria za usalama wa majengo zilikuwepo Korea na zilikuwepo Paraguay. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka dukani wa kusema "tokeni wote, mauzo tutayapata kesho." Mwenye duka la chumba kimoja anaweza kuona misiba hiyo iko mbali naye, ila mlango wa nyuma uliozibwa na maboksi ya mzigo mpya, au uliotiwa kufuli kwa kuogopa wezi, una hatari ileile kwa watu watano kama kwa mia tano. Sheria za nchi nyingi humtaka anayemiliki au kuendesha jengo alinde usalama wa kila anayeingia kihalali, awe amenunua au hakununua kitu. Sakafu iliyomwagika mafuta, rafu iliyolemewa, waya uliochubuka: haya yote yanahesabiwa kuwa yake tangu alipoyaona, na mara nyingi tangu alipopaswa kuyaona.

Wafanyakazi wa duka wako ndani ya jengo hilohilo, tena kwa saa nyingi zaidi kuliko mteja yeyote. Nitachukua jambo moja dogo ambalo limechukua zaidi ya karne kukubalika: kiti. Mwaka 1899 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye maduka kuweka angalau kiti kimoja kwa kila wahudumu watatu wa kike, baada ya miaka mingi ya madaktari kueleza madhara ya kusimama kutwa nzima. Mwaka 1964 mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu usafi na afya katika biashara na ofisi, ukasema wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, na wapewe nafasi ya kuvitumia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kiti kilichopo ambacho keshia anaogopa kukikalia kwa sababu meneja ataona ni uvivu si kiti.

Kuna pia suala la upungufu wa droo. Jioni hesabu haikutimia, na bosi anamkata keshia mshahara. Mkataba namba 95 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1949, unaruhusu makato pale tu ambapo sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja ya kazi au uamuzi wa usuluhishi umeyaruhusu, na kwa kiwango kilichowekwa humo. Uingereza inaweka ukomo wa asilimia 10 ya mshahara kamili wa kipindi husika kwa mfanyakazi wa rejareja, isipokuwa kwenye malipo ya mwisho anapoacha kazi. Hata pale ambapo sheria inaruhusu makato, mtu mwenye haki atajiuliza kwanza droo hiyo ilifunguliwa na watu wangapi siku hiyo. Kama watatu walikuwa wanaitumia, kumkata aliyekuwa wa mwisho kuondoka ni kutafuta wa kulipa, wala hakumpati aliyechukua.

Maadili huonekana vizuri zaidi pale ambapo sheria haijafika, au imefika lakini haina mtu wa kuisimamia. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti uliowauliza watu kuhusu duka la vifaa lililokuwa likiuza makoleo ya kuzolea theluji kwa dola 15, kisha likapandisha hadi dola 20 asubuhi baada ya dhoruba kubwa ya theluji. Asilimia 82 walisema si haki. Kiuchumi hoja ya kupandisha inaeleweka: mahitaji yameongezeka, na bei ya juu huwafanya wasio na shida kubwa waache makoleo kwa wenye shida. Ila mnunuzi wa asubuhi ile haoni somo la uchumi; anaona mtu anayemjua ametumia dharura yake. Mimi natofautisha hivi: gharama ya muuzaji ikipanda, kupandisha bei ni kujikinga, na wateja wengi huelewa wakielezwa. Gharama isipopanda, na kilichobadilika ni shida ya mnunuzi tu, hapo faida inatoka kwenye shida hiyo. Baadhi ya nchi na majimbo yana sheria dhidi ya kupandisha bei wakati wa maafa. Pasipo na sheria hiyo, mwenye duka anabaki na dhamira yake na kumbukumbu za wateja wake.

Mfano wa pili ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Wengi wanazijua kwa jinsi zilivyowabana watengenezaji. Wachache wanajua kwamba zinataja duka la rejareja moja kwa moja. Hazikatazi kuyauza. Zinakataza matangazo mahali pa kuuzia, sampuli za bure, maonyesho maalumu ya rafu, kuponi za punguzo, na kuuza kwa hasara ili kuvuta wateja. Sababu yake inahusu mwili: mama akipokea kopo la bure akalitumia, maziwa yake yanaweza kupungua kwa sababu mtoto hanyonyi vya kutosha, na kopo linapokwisha hana tena chaguo ila kununua. Pale ambapo maji ya kuyachanganyia si salama na bei yake mama haimudu, mtoto analipa kwa afya yake. Kanuni hizo si sheria mpaka nchi izitungie sheria, na nyingi zimetunga kwa viwango tofauti. Mwenye duka katika nchi isiyo nazo akikataa kupanga piramidi la makopo mlangoni, anatimiza wajibu ambao hakuna polisi atakayekuja kuuliza.

Tarehe kwenye pakiti huleta mkanganyiko wa aina yake. Maneno yanayosema bidhaa isitumike baada ya siku fulani yanahusu usalama. Kuiuza siku hiyo ikipita ni kosa, na kubadilisha tarehe kwa kalamu au stika ni kosa kubwa zaidi. Maneno yanayosema bidhaa ni bora kabla ya siku fulani yanahusu ladha na ubora, na mara nyingi bidhaa bado inafaa baada ya hapo. Asiyetofautisha hayo mawili atauza kinachodhuru au atatupa kinachofaa. Ufaransa, kwa sheria ya Februari 2016, ilikataza maduka ya vyakula yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kisichouzwa ambacho bado kinalika, na ikayataka yawe na makubaliano ya kukitoa kwa mashirika ya hisani. Kabla ya hapo yalikuwepo maduka yaliyokimwagia kemikali ili maskini wasikiokote.

Tukitazama nyuma ya duka, tunamkuta msambazaji. Hapa mizani hugeuka: muuzaji mdogo huonewa na kiwanda kikubwa, lakini mnyororo mkubwa wa supamaketi humwonea mkulima na mtengenezaji mdogo. Silaha yake ni muda. Mzigo unapokelewa leo, unauzwa wiki hii, unalipwa baada ya miezi mitatu, na katikati hapo makato yasiyoelezeka yanajitokeza. Mwaka 2016 mamlaka ya Uingereza inayosimamia uhusiano wa supamaketi na wasambazaji iligundua kwamba Tesco ilikuwa imechelewesha malipo ya wasambazaji wake kwa namna iliyokiuka vibaya kanuni. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ukaweka ukomo wa siku 30 kulipia mazao na vyakula vinavyoharibika haraka, na siku 60 kwa vingine, ili kuwalinda wasambazaji wadogo dhidi ya wanunuzi wakubwa. Kumcheleweshea malipo mtu anayehitaji pesa hiyo kununua mbegu ni kukopa kwake bila ridhaa yake, wala bila riba.

Na wajibu huo unapanda juu mpaka wapi? Jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, lilipoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, maduka na benki vilivyokuwa ghorofa za chini vilikuwa vimefungwa kwa sababu nyufa zilionekana siku iliyotangulia. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini. Nguo zao zilikuwa zikisafiri kwenda maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na mengi yao hayakuwa na mkataba wa moja kwa moja na viwanda hivyo. Kisheria wenye maduka wengi wangeweza kusema hayawahusu. Lakini waliobana muda wa kushona ni wao, na walioikandamiza bei ni wao. Ndani ya wiki chache makubaliano ya usalama wa moto na majengo yalisainiwa na vyama vya wafanyakazi, na baadaye zaidi ya kampuni 200 zilijiunga. Tofauti yake na ahadi zilizotangulia ni kwamba yalikuwa na nguvu ya kisheria. Kampuni iliyokiuka iliweza kushtakiwa.

Wajibu kwa mteja hauishii kwenye bidhaa aliyolipia. Unahusu pia heshima yake. Wizi dukani ni hasara halisi na mwenye mali ana haki ya kujilinda. Lakini kumzuia mtu bila sababu ya msingi, kumpekua mbele za watu, au kumfungia stoo kunaweza kuwa kosa la kumnyima uhuru wake, hata kama muuzaji aliamini kwa dhati. Mashine hazijaondoa tatizo hilo. Desemba 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliiwekea kampuni ya maduka ya dawa Rite Aid marufuku ya miaka 5 ya kutumia utambuzi wa sura kwa ajili ya ulinzi, kwa kuwa mfumo wake uliwataja wateja wasio na hatia kuwa wezi, na makosa yalitokea zaidi katika mitaa ya watu Weusi na wenye asili ya Asia. Binti wa miaka 11 alisimamishwa na kupekuliwa. Wafanyakazi waliompekua wangeweza kusema kompyuta ndiyo iliyowaambia. Kompyuta hiyo ililetwa na duka.

Limebaki jambo moja, ambapo muuzaji anajua kuliko mtu yeyote mwingine. Kiwanda hakimwoni mnunuzi. Mkaguzi anapita mara chache. Malalamiko yanafika kaunta kwanza. Wateja watatu wasiofahamiana wakirudisha jiko la aina moja kwa kuvuja gesi, mwenye duka ameshika taarifa ambayo hakuna mwingine duniani anayo. Akibadilisha kila jiko kimyakimya na kuendelea kuuza yaliyobaki, ametimiza wajibu wa mkataba kwa watatu wale na kumweka wa nne hatarini. Nchini Marekani sheria inamtaka muuzaji wa rejareja, sawa na mtengenezaji na mwagizaji, aiarifu Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ndani ya saa 24 tangu apate taarifa zinazoonyesha bidhaa ina kasoro inayoweza kuwa ya hatari kubwa. Pasipo na sheria ya namna hiyo, kazi yenyewe inabaki ileile: kuyaondoa majiko kwenye rafu siku hiyohiyo, kuandika namba za toleo, kumpigia msambazaji na mamlaka husika, kisha kufungua daftari la mauzo na kuanza kuwapigia simu walionunua.